Baka Jeupe la Kairu

Jumatatu, 3 Machi

Picha nane za pasipoti kabla ya saa nne. Wote wamekuja na kola chafu, wote wanataka watoke kama mabalozi. Printa imeanza tena kumeza karatasi. Nimeipiga kofi, ikatulia.

Mwenye bucha hapa jirani bado anangoja bango lake. Nilimwahidi mbuzi mnono kutoka kwa hii programu ya AI, ile unaiandikia maneno nayo inakutengenezea picha. Mbuzi wa kwanza alitoka na miguu mitano. Wa pili anatabasamu. Nani atakula mbuzi anayetabasamu? Wiki ya tatu hii najifunza, na kila kitu bado kinatoka kinang'aa ungedhani kimepakwa mafuta ya kupikia. Siachi lakini. Studio mbili za huko juu zimefungwa kwa sababu kila mtu ana kamera kwenye simu. Mimi nitafungwa wa mwisho.

Saa saba akaingia Cucu Wangechi. Ndiye mwenye nyumba hii ya studio na vyumba vyangu viwili vya nyuma. Miaka kumi na mmoja sasa, tangu nitoke Bungoma, na mtaa mzima unamwita Cucu, nyanya wa kila mtu. Sijawahi kumwona akikaa bila kukaribishwa. Leo alikaa. Ameibiwa ng'ombe. Kairu, ng'ombe wake mmoja tu, ametolewa zizini jana watu wakiwa kanisani. Waya wa ua umekatwa, nyayo zinapita kwenye migomba ya jirani, basi.

Alitaka nimchapie tangazo. Nikaandika alivyosema: mweusi, madoa meupe tumboni upande wa kushoto, mkia mweupe nchani, hana pembe, sikio la kulia limechanika, uso mweusi wote. Mpole. Anakuja akiitwa.

Nikaomba picha. Hana. Hajawahi kumpiga hata moja.

"Mali ya boma haihesabiwi na haipigwi picha," akaniambia. "Ukionyesha watu, jicho mbaya inaingia."

Ndivyo walivyolelewa wazee wa huku. Muulize ana mbuzi wangapi, atakwambia wako. Simlaumu. Lakini nani atamtambua ng'ombe mweusi mwenye madoa katika mji ambao kila ua una mmoja?

Jumanne, 4 Machi

Siku ya soko. Mikokoteni ya kabeji imeziba mlango wangu tangu alfajiri. Tangazo nimeliweka kwenye grupu ya mtaa na ile ya wafugaji. Majibu yote ni neno moja: picha. Weka picha. Picha iko wapi. Mmoja ameuliza kama ng'ombe ni wa kuuzwa. Watu hawasomi.

Mchana wazo likanijia. Si nina programu? Si nina Cucu mwenye kumkumbuka ng'ombe wake kila unyoya? Nikajaribu peke yangu kwanza. Nikaandika: ng'ombe wa maziwa, mweusi na mweupe, Karatina, picha halisi ya hali ya juu.

Ikanipa ng'ombe wa Ulaya. Safi kama ametolewa kwenye povu la sabuni. Nyuma yake milima yenye theluji, nyumba za mbao, maua. Kiwele kikubwa kama mtungi wa maji. Nikacheka peke yangu. Kisha nikaudhika.

Jumatano, 5 Machi

Cucu alishinda studio leo. Nilipomwambia nitatumia AI akanitazama vibaya. Huku AI ni yule mtu wa pikipiki anayekuja kupandisha ng'ombe kwa mrija. "Hiyo naijua," akasema, "ndiyo ilituletea Kairu." Nikamweleza hii ni nyingine, ya kuchora. Akasema sawa, bora isiwe na gharama ya mafuta.

Nimejifunza leo kuliko wiki zote tatu. Kosa langu lilikuwa kuomba uzuri. Ukiandika "nzuri", "safi", "ya hali ya juu", unapata kalenda ya benki. Halisi haiji hivyo. Halisi ni uchafu. Nikaanza kuandika: picha ya simu ya bei nafuu, mawingu, saa nne asubuhi, mkono wa mpigaji umetikisika kidogo. Ua wa mabanzi na waya. Mtungi wa manjano umeanguka. Matope hadi magotini, kinyesi kimekauka pajani, nzi machoni. Kamba ya mkonge shingoni, imeunganishwa kwa kitambaa. Mkia umekatwa na ukingo wa picha, kwa sababu hakuna mtu wa kawaida anayepiga ng'ombe akaenea mzima.

Na kweli, ng'ombe akaanza kuja. Cucu alikaa nyuma ya bega langu akisahihisha.

"Mgongo iko juu sana."

"Hiyo macho ni ya dume."

"Ati mbavu? Mbavu yake haionekani, mimi nilikuwa namlisha."

Mara nimeharibu sikio, mara limerudi zima, mara limehamia kushoto. Chai imepoa mara mbili. Karibu ya arobaini, Cucu akaacha kusahihisha. Nikageuka. Alikuwa analia, viganja vyote viwili kwenye kioo cha kompyuta.

"Ni yeye. Ni Kairu."

Sikio sawa. Madoa sawa. Ila programu ilikuwa imempa baka jeupe kwenye paji la uso, umbo la jani la kiazi. Nililiona. Nilitaka kuuliza. Lakini mwanamke mzima analia mbele yangu, nami nilikuwa nimelipata jambo ambalo wiki tatu lilinishinda. Nikajiambia labda Jumatatu alisahau. Nikahifadhi.

Najivunia picha hii. Niandike ukweli: najivunia sana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeituma. Grupu ya mtaa, ya wafugaji, ya kanisa. Nilifikiria kuandika chini yake kwamba imetengenezwa na kompyuta. Sikuandika. Wangeipuuza, nikajiambia. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba nilitaka kuona kama kuna atakayejua.

Hakuna aliyejua.

Jumamosi, 8 Machi

Picha imefika Mwea. Imefika Nanyuki. Mtu amenitumia mimi mwenyewe, akinisihi nisaidie kusambaza. Mwenye bucha ameuliza nani aliipiga, maana anataka mbuzi wake apigwe hivyo hivyo, na matope yake. Nikasema ni kazi ya studio.

Cucu ameiweka kwenye simu, anamwonyesha kila anayepita. Leo nimemsikia akimwambia mama wa mboga: "Ona hiyo nyeupe ya uso. Alizaliwa nayo. Mama yake pia alikuwa na kama hiyo."

Jumatatu aliniambia uso mweusi wote. Niliandika mwenyewe. Nikajitia hamnazo, nikaendelea kukata picha za pasipoti.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna habari ya ng'ombe. Mvua imetishia tu. Mwenye bucha amelipenda bango.

Jumanne, 11 Machi

Wamemshika mtu.

Kwenye mnada wa mifugo, asubuhi. Mfanyabiashara kutoka Doldol, anaitwa Lemayian, mtu wa makamo. Huko kwao ukame umebana, nyasi zimeisha, akaleta ng'ombe wake wa maziwa auze huku kwenye malisho. Ng'ombe mweusi. Madoa. Baka jeupe usoni. Kuna aliyetoa simu akalinganisha, akapiga kelele, na vijana wakamzunguka. Alikuwa na barua ya chifu na kibali cha kusafirisha. Wakasema za kughushi. Wamempiga makofi na mateke hadi askari wakaja. Watu wanasema penye wengi pana Mungu. Leo hakuwepo.

Cucu akaitwa kituoni. Nikaenda naye. Ng'ombe amefungwa nyuma ya kituo, ng'ambo ya waya, na umati umejaa huku, kila mtu ameinua simu yenye picha yangu. Cucu akatazama simu. Akatazama ng'ombe. Akatazama simu.

"Ni yeye," akasema. Watu wakapiga makofi.

Sikio la yule ng'ombe limechanika kidogo tu, labda waya, labda kupe. Hilo nililiona. Baka kila mtu aliliona. Lemayian alikuwa amekaa kwenye sakafu ya baraza, shavu limevimba, ukosi wa shati umeng'oka. Hakusema kitu kuhusu yeye mwenyewe. Alimwambia sajenti jambo moja tu, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu: "Hata mkinifunga, ng'ombe akamuliwe jioni. Ataumia."

Watampeleka kortini Jumatatu.

Nimerudi nikafunga studio saa tisa.

Jumatano, 12 Machi

Nimefungua picha zote arobaini. Nimezipanga. Katika nane, uso ni mweusi wote. Katika kadhaa kuna mstari hadi puani. Moja ina nyota kamili, ya kuchorwa. Jani la kiazi liko katika ile moja tu. Kwa hiyo baka si la Kairu. Si la mtu yeyote. Mashine ilijaza pale ambapo mimi sikuandika kitu. Niliandika kila tope na kila nzi, uso nikausahau.

Mtu anakaa rumande kwa sababu ya jambo nililosahau kuandika. Na kwa sababu ya jambo nililoliona nikanyamaza. La pili ndilo linanila.

Nikisema, Cucu anampoteza ng'ombe mara ya pili, na mkononi mwangu. Mtaa utaniita mwongo. Mimi ni mtu wa kuja hapa, hata baada ya miaka yote hii. Mgeni akikosea hasahauliwi. Mwenye bucha atataka bango lake libanduliwe. Nimefikiria haya yote. Nimejichukia kwa kuyafikiria kabla ya shavu la yule mtu.

Mficha uchi hazai. Kesho.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia Cucu kwanza, kabla ya polisi. Nilimpata jikoni kwake akichambua maharagwe. Nilimweleza taratibu. Nikamwonyesha karatasi yangu ya tarehe tatu, maneno yake mwenyewe: uso mweusi wote. Nikamwonyesha zile nyuso nyingine kwenye simu.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Unataka kuniambia sijui ng'ombe yangu?"

Nikasema hapana, Cucu. Nikasema kosa ni langu.

"Miaka saba nimekamua yeye. Wewe umemwona mara ngapi?"

Nikasema sijawahi kumtazama vizuri hata siku moja. Ni kweli. Nilikuwa nanunua maziwa tu. Akarudi kwenye maharagwe yake. Nikasimama pale kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Baadaye akasema, bila kuinua macho, kwamba ananikodishia nyumba, hanikodishii akili yake.

Nikaenda kituoni peke yangu na kompyuta begani. Sajenti ni mtu wa kwetu, wa kutoka upande wa Webuye, nikadhani itasaidia. Alizitazama picha zote arobaini. Alizipenda, hilo ndilo baya. Aliuliza kama naweza kumtengenezea mkewe moja akiwa ufukweni. Kisha akakuna kichwa akasema anayedai mali ni mama, si mimi, na mama amesema ni wake. Mama akibadilisha neno, yeye atabadilisha. Mama asipobadilisha, ni Jumatatu.

Nilipokuwa natoka nilimsikia ng'ombe akilia nyuma. Askari wanaomkamua hawajui. Walikuwa wanamvuta kama kengele.

Nina hasira na kila mtu. Na mimi wa kwanza.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia Cucu jambo moja tu asubuhi, kupitia dirishani: ng'ombe anaumwa kiwele, hawajui kumkamua. Sikusema ni wa nani.

Saa moja baadaye nilimwona akipita na ndoo yake na kitambaa, leso imefungwa kiunoni. Nikafunga studio nikamfuata kwa mbali. Sikuitwa.

Sajenti alimfungulia geti. Hakukuwa na umati leo, ilikuwa mapema na mvua nyepesi inanyesha. Lemayian aliletwa asimame karibu amtulize ng'ombe, kwa sababu alikuwa anarusha teke. Akamshika kamba, akamsemesha kwa lugha yao, sauti ya chini. Cucu hakumtazama. Akachuchumaa, akaosha kiwele kwa maji ya moto, akaweka kichwa ubavuni mwa ng'ombe, akaanza.

Maziwa yakaingia kwenye ndoo. Chuchu mbili za mbele. Kisha za nyuma. Mikono yake ikaenda, ikasimama. Ikaenda tena. Nilikuwa ukutani, nikaona mgongo wake umekuwa mgumu.

Alimaliza. Hakuacha tone. Akamfuta ng'ombe, akainuka kwa shida, mkono mmoja juu ya ng'ombe.

"Kairu alikuwa na chuchu moja imekufa," akamwambia sajenti. "Ya nyuma, kulia. Alishikwa na ugonjwa wa kiwele mwaka ile mwingine. Huyu zote nne zinatoka." Akaokota ndoo. "Huyu si wangu. Mfungulieni huyu mtu."

Sajenti akamuuliza kama ana hakika. Akasema macho yake ndiyo hayakuwa na hakika, mikono iko sawa.

Kisha akamgeukia Lemayian akamwambia pole. Kwa Kikuyu kwanza, halafu kwa Kiswahili, halafu akampa ndoo ya maziwa kwa mikono miwili. Lemayian aliipokea kwa miwili pia. Akasema, "Asante, mama. Alikuwa anaumia."

Nililia pale ukutani. Sajenti aliandika maneno yote kwenye kitabu, taratibu sana, kwa kalamu inayotoa wino kwa shida.

Mimi Cucu hakunisemesha. Alipita.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeandika kwenye grupu zote tatu. Kwamba picha ilitengenezwa na kompyuta, kwamba mimi ndimi niliyeitengeneza, kwamba baka halikuwepo, kwamba mtu asiye na hatia alipigwa. Sikujitetea. Wengine wametukana. Wengine wamecheka. Mmoja wa wale vijana wa mnada ameandika kwamba hata hivyo picha ilikuwa kali. Hakuna hata mmoja aliyesema alimpiga mtu.

Saa tano Lemayian alikuja mlangoni, ng'ombe nyuma yake kwenye kamba. Nikadhani amekuja kunidai uso wake. Niliomba msamaha. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Piga picha yetu," akasema. "Mimi na yeye. Ya kamera. Uandike tarehe na ugonge muhuri wako."

Ndiyo, siku hizi itabidi atembee na picha kuthibitisha ng'ombe wake ni wake. Mimi ndiye nilimfikisha hapo.

Niliwapiga kando ya barabara. Ng'ombe akageuza kichwa. Lemayian akafumba macho. Jua likatoka ghafla, likachoma nusu ya picha ikawa nyeupe tupu. Shavu limevimba, kwa hiyo hata hafanani na kitambulisho chake. Nilirudia mara sita, zote mbaya. Ungeziweka kando ya ile yangu, ungeapa hizi ndizo za bandia.

Akachagua iliyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ndani yake ng'ombe anamtazama. Sikuchukua pesa. Alitaka kulipa, nikakataa, akaondoka bila kubishana sana.

Jumatano, 19 Machi

Mvua za kweli. Bucha imebandua bango. Sikuuliza kwa nini.

Kairu hajaonekana. Waliomwiba wameshamchinja, hivyo ndivyo kila mtu anavyofikiri na hakuna anayemwambia Cucu.

Jumamosi, 22 Machi

Cucu alipita mlangoni mara mbili. Mara ya pili alitazama ndani. Nilisema shikamoo. Aliitika marahaba, basi. Nimefurahi hata kwa hiyo.

Jumatano, 26 Machi

Mapema leo, kabla sijafagia, Cucu ameingia. Amekaa bila kukaribishwa.

Alisema ameifuta ile picha kwenye simu. Mama wa mboga alimsaidia. Lakini haikusaidia kitu. Kila akifumba macho, Kairu anakuja na ile nyeupe usoni. Miaka saba ya uso mweusi, na haupati.

"Itoe," akaniambia. "Wewe ndiwe uliiweka."

Nilimwambia kwenye kompyuta naweza, sasa hivi, dakika moja. Huko kwingine sina uwezo. Nikasema pole, Cucu. Nimelisema neno hilo mara nyingi mwezi huu na leo ndiyo mara ya kwanza lilinitoka lote.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kisha akaniambia nisogeze kiti. Nikasogeza. Akafumba macho, akaweka mikono yake kichwani pangu, mmoja kila upande. Ilikuwa inateleza kidogo. Bado anapaka mafuta ya kukamulia kila asubuhi, kwa mazoea.

Akaanza kupapasa. Hapa, akasema, ilikuwa bapa. Hapa nywele zilikuwa zinazunguka, hivi, kama zimechanwa na mtu. Hapa pembe ilipochomwa, kulibaki kidonda, kikawa kigumu, alipenda kukunwa hapo. Akakuna. Dole gumba likashuka polepole katikati ya paji langu la uso, likapanda, likashuka tena.

"Nyeusi," akasema. "Hapa yote ilikuwa nyeusi."

Mteja wa pasipoti akasimama mlangoni na mwavuli wake. Nikamwonyesha benchi kwa kidole, akakaa.